Akawalaza, Akayalaza

Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu kanirushia shati usoni. Eti kola ina mikunjo! Yuko moto. Anastaafu, Jumamosi wanamuaga chuoni, na mwanafunzi wake, yule tunayemwita Miwani, ameandika kwamba kitabu cha huyu Profesa wangu kina kosa. Silabi moja tu. Ni ule utenzi wa mji wa kale, uliochongwa kwenye vigae vya udongo: mfalme karudi vitani na mateka, matofali yamekauka, anajenga ukuta. Kitabu kinasema "akayalaza msingini". Matofali. Miwani anasema lugha ile ina alama ya viumbe hai, na kwenye kigae alama hiyo ipo. "Akawalaza msingini." Mateka. Wazima wazima!

Nilicheka jikoni mpaka nikajiziba mdomo kwa taulo.

Jumanne, 4 Juni

Maana aliyeutafsiri ni mimi! Tulikuwa ndio kwanza tumeoana, na lugha ile niliijua kumshinda. Niliandika "akawalaza". Akanicheka mbele ya mama yake — tangu lini matofali yakawa na roho, bibie? Akafuta "wa", akaweka "ya", akaweka na jina lake. Juu ya hiyo "ya" akajenga nadharia nzima: mji wa kwanza, mikono safi, ustaarabu bila damu. Yeye akapata uprofesa. Mimi nikapata taipureta.

Alhamisi, 6 Juni

Mume wangu hali, halali. Kaniuliza kama naikumbuka ile alama. Nimemwambia nimesahau, uzee huo. Nikamwongezea sukari kwenye chai. Shingo imemkonda, nami naona raha. Raha kabisa! Sijui nimekuwa mtu gani.

Jioni nikamsikia kwenye simu na mkuu wa idara: Miwani asipewe shahada, amekosa adabu. Binti wa watu. Raha ikanikauka.

Jumamosi, 8 Juni

Naandikia chooni. Wenzangu wako ukumbini, mapumziko ya chai.

Miwani alisimama akauliza habari ya ile silabi, kwa heshima zote. Mume wangu akatabasamu. Kosa la taipu hilo, akasema. "Nina kichapaji changu nyumbani. Kimezeeka kidogo. Kilinichapia kitabu kizima, kikakosea. Baada ya chai kitasimama hapa kiwaombe radhi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Ki! Mke wake wa ndoa! Kanitoa kwenye ngeli ya watu mbele ya watu. Miwani peke yake hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikiomba radhi, Profesa anaagwa kwa makofi na binti ananyimwa shahada. Nikisema nilichoandika, kitabu chote kinamwangukia kichwani, leo, mbele ya wajukuu wetu. Nimetoa wanja mkobani, nimejiandikia kiganjani silabi moja: "wa".

Mume wangu anagonga mlango. Anauliza kwa ile sauti yake ya wageni: kiko tayari?

Nimemjibu: kinakuja, mume wangu. Kinapaka wanja.