Ripoti Niliyoisoma Nusu

Mwenzangu, uko? Nimeganda kwenye kiti, sijui niinukeje.

Unajua kile kiini cha mfumo wetu wa kompyuta hapa kazini kinavyozimika ovyo? Leo nimewasha chombo cha kukagua memori, kikanasa kosa: msimbo wa programu unagusa memori iliyokwisha kuachiliwa, kama mtu anayeingia chumba kilichokwisha kurudishwa kwa mwenyewe. Faili lenye msimbo huo ni la yule tunayemwita Mjomba, mhandisi mzee wa meza ya jirani. Nikalionyesha kikaoni. Mbele ya watu wote!

Bosi akamwambia, "Mzee, pumzika. Kazi hii tuwape vijana."

Mjomba hakubisha. Alinigeukia tu: "Ahsante, binti. Macho yangu yamechoka."

Eti macho yake yamechoka! Ananishukuru mimi!

Sasa ndiyo nimeisoma ripoti mpaka chini. Juu inaonyesha aliyeigusa memori. Chini inaonyesha aliyeiachilia kabla ya wakati, na huyo ndiye mwenye kosa. Ni mimi. Msimbo wangu wa wiki hii.

Naye Mjomba yuko hapa hapa anafungasha vitu vyake, ananiuliza kama nitapenda kubaki na taa yake ya mezani.

Nimemgeuzia skrini. Akasoma mpaka chini, akacheka.

"Haya, kwa bosi. Utasema wewe. Mimi nitasimama mlangoni usije ukakimbia."

Mlango ni mmoja tu, na kweli amesimama hapo, ananingoja.