Nzi wa shemeji kazama

Shoga, kaa chini kwanza. Mchumba wa dada kaenda kuvua na baba ili akubaliwe, akapewa ILE fimbo ya kuvulia tusiyoruhusiwa hata kuigusa!

Baba akamwambia, "Funga kwenye uzi nzi bandia mwenye manyoya mengi, aelee juu ya maji, na ndoano yenye chambo ining'inie chini yake. Akizama, ujue samaki kanasa ndoano ya chini."

Mtanashati wetu akamchagua mwembamba wa dhahabu, eti anapendeza pichani!

Nzi akalowa, akazama. "Kanasa!" Akavuta, hola. Nzi akazama tena. "Kanasa!" Hola!

Mara ya tatu hakuhangaika. Kaweka fimbo chini ajipige picha. "Huyu anazama tu mwenyewe, mzee."

Shoga, SAMAKI! Kaondoka na fimbo!

Baba akamtazama weee. "Na binti yangu akinuna, utajuaje kama kuna jambo?"

Kile kitambaa cha harusi usimpelekee fundi kwanza.