Supu Nilizomnyima Mama

Jumatatu, 3 Mei 1999

Mvua tangu alfajiri. Nimempima Mama uvimbe wa shingoni kwa uzi, ule niliofunga fundo kuweka alama ya kipimo cha kwanza, kabla ya kwenda kazini, kama kila Jumatatu. Haujapita fundo. Tarehe ishirini anarudi kwa daktari kutiwa dripu ya pili ya dawa ya saratani. Sharti ni moja: awe na nguvu za kuihimili.

Huko maabara nimemaliza makala aliyoniazima daktari. Kwenye utando wa seli mna protini zinazobeba amino asidi, vile vipande vidogo vinavyotokana na nyama na samaki tuliokula, kutoka damuni na kuviingiza ndani. Mahamali hasa. Seli za saratani hujiwekea mahamali wengi kupita kiasi. Ndiyo maana uvimbe hunenepa.

Basi nitawakosesha mzigo.

Alhamisi, 6 Mei

Nyama hakuna. Samaki hakuna, mbaazi hakuna. Mama anakula muhogo na uji wa mchele wenye sukari. Daktari sikumuuliza. Ataniambia nini nisichokijua? Miaka kumi na moja natazama seli kwa darubini.

Bi Zuhura, jirani wa mlango wa pili, kaleta bakuli la supu ya kuku. Nimeinywa mwenyewe jikoni, nimesimama. Bakuli la mtu halirudi tupu, nikalijaza mahamri nikampelekea. Akauliza, "Mamako kala?" Nikasema kala.

Jumatano, 12 Mei

Supu ya nne. Hii Mama kasikia harufu yake.

"Leo pia muhogo, mwanangu?"

Nikamweleza habari ya mahamali. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Haya. Wewe ndiwe msomi."

Afadhali angenigombeza. Jioni bangili yake ilimtoka mkononi akitawadha, ikabingirika mpaka chini ya birika. Nimeiweka kwenye droo.

Jumatatu, 17 Mei

Asubuhi nilimtoa damu, nikaipima mwenyewe baada ya kazi. Protini imeshuka sana. Nimefurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, nilifurahi njia nzima mpaka nyumbani.

Kisha miguu yake. Imevimba. Nikabonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Nikachukua uzi. Uvimbe wa shingoni umelipita fundo. Nikapima tena, umelipita. Mikono imebaki mifupa na uvimbe umekua.

Naogopa.

Alhamisi, 20 Mei

Dripu hakutiwa. Daktari alimtazama miguu, akaniuliza anakula nini. Nikasema yote, mbele ya Mama. Hakupaza sauti. Alisema chakula kikikosekana, mwili huvunja misuli yake wenyewe ili damu isipungukiwe na amino asidi, na mahamali wa uvimbe, kwa wingi wao, ndio wanaowahi.

Yaani niliulisha uvimbe nyama ya mamangu.

Na yalikuwemo kwenye makala, ukurasa wa mwisho. Niliupitia juujuu, nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Tarehe nyingine hakutupa. Mlishe kwanza, alisema, halafu tutaona. Hakusema tutaona nini. Ndani ya teksi Mama alinishika mkono njia nzima, hilo ndilo lililonimaliza.

Ijumaa, 21 Mei

Mvua imekatika. Bi Zuhura kaleta supu kabla ya sala. Mama kanywa vijiko vitatu, akaomba apumzike.

Nimeosha bakuli. Sikutia kitu. Nimelipeleka tupu, nikamwambia zile supu zake zote zilikokwenda. Akalichukua, akaingia jikoni kwake, akatoka nalo limejaa. Nikanyoosha mikono nipokee.

"Hii nitampa mimi," akasema.

Nikampisha mlangoni.