Leso ya Baba Yake Babu

Charleston, 12 Mei 2018

Babu mpendwa,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Mama na mimi hatujambo, uchovu tu.

Jana nilifanya ule mtihani wa historia. Nikipata nne kati ya tano, chuo kitanihesabia somo hilo kama nimeshalisoma, na Ijumaa zangu zitakuwa huru. Nitakupeleka mwenyewe kliniki yako ya Ijumaa.

Tulipewa karatasi saba za zamani kuhusu mgomo wa wachimba makaa, tuzitumie kama ushahidi. Nilitumia mbili. Nyingine za nini, na wewe ulishanisimulia? Nikaandika habari za baba yako kwenye mgomo, leso nyekundu ya wagomaji shingoni, na hema lao kwenye theluji walipofukuzwa nyumba za kampuni.

Mjukuu wako,
Delphia

Laurel Fork, 20 Mei

Delphia mama,

Marahaba. Kifua ni kile kile. Ngazi tatu za barazani nazipanda kwa vituo viwili.

Ungetumia karatasi zao. Haya, yameshapita. Kliniki wananiuliza dereva wangu mpya anaanza lini. Nimewaambia Agosti.

Babu yako,
Virgil

Charleston, 10 Julai

Babu,

Shikamoo. Natumaini unapumua vizuri kidogo.

Nimepata tatu. Chuo hakipokei chini ya nne. Mwalimu wangu anasema nimeandika kama mtu anayetoa ushuhuda kanisani. Sasa somo nitalirudia chuoni, Ijumaa saa nane mchana, mpaka Desemba. Nisamehe. Hata kulia nimechoka.

Delphia wako

Laurel Fork, 2 Septemba

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi, na kwa mama yako pia. Mimi nipo. Wiki saba nimekaa kimya kwa aibu, si kwa ugonjwa.

Baba hakugoma. Aliletwa na treni kutoka Virginia kuchukua kazi za waliogoma. Nyumba nilimozaliwa ndimo walimotolewa waliogoma, wakaenda kulala kwenye mahema. Leso aliinunua dukani, miaka mingi baadaye. Huku kwetu jambo hilo halisemwi. Hata bibi yako alikufa hajui.

Uongo wangu umekula Ijumaa zako, na zangu.

Babu yako

Charleston, 8 Septemba

Babu,

Shikamoo. Nimekasirika na nimechoka, sijui kipi kimezidi.

Jana profesa alitugawia karatasi za mgomo ule ule. Safari hii nimezisoma zote. Moja ni orodha ya walioletwa na treni. Jina la baba yako halimo, lakini wamo vijana kumi na mmoja wa Virginia, wengi wana miaka kumi na tisa. Nina kumi na minane mimi. Niliyatazama majina yao mpaka kipindi kikaisha, na hasira ikapungua kidogo, si yote.

Mwambie jirani akupeleke kliniki mpaka Desemba, na uende kweli. Jumamosi ijayo nakuja na daftari. Usimsafishe baba yako, wala usimchafue. Anza pale alipopanda treni, na kama alikuwa na njaa, sema. Pumzi ikikuishia tutangoja.

Leso itoe kabatini, niikute mezani.

Mjukuu wako,
Delphia