Kamba ya Upande wa Bwawa

Magomeni, Mtwara. Jumapili jioni, mwezi wa sita, 2006.

Kipupwe kimeingia kweli. Nimeoga maji ya moto mchana kweupe na bado nina baridi ambayo blanketi haliitoi. Mke wangu anasema ni malaria. Nimemwacha aamini hivyo, maana malaria ina dawa.

Nimerudi leo kutoka bondeni, karibu na Ruvuma inapomwagika baharini, kwa dada yangu Somoe. Nilikwenda kwa kazi moja tu: kumshawishi avune mpunga wake. Ukoo ulikaa kikao ukaona mtu wa kumweza dada ni mimi. Walinichagua kwa sababu nilichelewa kufika kikaoni.

Niandike kwa utaratibu, labda nami nitaelewa. Majirani wote walishavuna. Dada peke yake, mjane wa tangu mwaka jana, shamba lake limesimama, mpunga umeiva hadi unapukutika, na kweleakwelea, ndege wadogo wala nafaka waliozoea kugawana mashamba ya bonde zima, sasa wote wanakula kwake. Mpunga huo ndio chakula chake cha mwaka. Hana mwingine.

Anamsubiri ndege.

Desturi ya bonde lile ni ya tangu babu zetu: hakuna kukata suke la kwanza kabla mgeni wa Bukini hajatua. Mgeni ni korongo mdogo anayevuka bahari kutoka Bukini, kisiwa ambacho ramani za shule zinakiita Madagaska, kuja kukaa kwetu miezi ya baridi. Hagusi mpunga. Anakula vyura na wadudu kwenye tope la bwawa. Akishatua, watu wanavuna. Na kabla hajatua, upande wa bwawa hakupigwi kelele, asije mgeni akageuzwa angani.

Nilipokuwa mdogo walikuja wengi. Ukipita ghafla, ukingo mzima ulikuwa unageuka mweupe. Mwaka juzi alipita bwana mmoja wa maliasili akasema ndege hao wako hatarini kutoweka duniani: kwao Bukini watu wanachukua mayai na makinda, mabwawa yanageuzwa mashamba, na huku kwetu nako mabwawa yanakwisha. Majirani walimsikiliza, wakapiga hesabu ya watu wenye watoto wa kulisha: kama ndege anakwisha, utamsubiri mpaka lini? Safari hii wakavuna. Dada alisikia maneno hayo hayo, akaamua kusubiri zaidi.

Nilifika jana asubuhi, na kilichonishtua kwanza ni ukimya. Msimu wa mpunga bonde lile lina kelele kuliko bandarini kwetu meli ya korosho ikiwa gatini. Watu wanakaa kwenye madungu, yale majukwaa ya miti ya kuamia ndege wasile mpunga, wanavuta kamba zilizofungwa makopo, wanatukana ndege na wakwe zao kwa pumzi moja. Jana madungu yalikuwa matupu. Sanamu za kutishia ndege bado zilisimama kwenye mabua yaliyokatwa, zimevaa makoti ya watu, hazina tena cha kulinda. Ukungu ulizikata magotini.

Nilimwona mzee mmoja amesimama ananitazama. Nikavua kofia, nikampa shikamoo. Hakuitikia. Nikarudia kwa sauti, nikidhani ni masikio.

Dada aliyaona yote akiwa juu ya dungu.

"Umesalimia watu wazima huko, au umepita tu?" aliniuliza.

"Nimesalimia, dada."

"Vizuri. Huyo uliyemvulia kofia ni koti la Mzee Chilumba. Mwenyewe yuko Mikindani kwa binti yake. Haya panda, ila taratibu, dungu hili lilijengwa kabla hujapata kitambi."

Nilicheka. Lakini nilipogeuka kulitazama lile koti, nilikuwa na hakika kwamba mara ya kwanza lilikuwa limeelekea upande mwingine.

Juu ya dungu kulikuwa na kamba mbili. Ya upande wa nchi kavu tulikuwa tunaivuta kwa zamu. Ya upande wa bwawa dada alikuwa ameifunga kwenye nguzo, na makopo yake yalining'inia bila kucheza, midomo wazi. Kweleakwelea walishajua. Walikuwa wanaingilia huko huko, kundi baada ya kundi, wala hawakuwa na haraka.

Nikalitazama tope kutwa nzima. Sikuwa na kazi nyingine. Mimi ni mtu wa kutoa mizigo bandarini, nimezoea kupiga kelele ndipo niamini kwamba nipo. Kule niliambiwa ninong'one. Kadiri nilivyotazama, ndivyo nilivyohisi kuna kitu pale kinachonitazama mimi. Hakikuwa kwenye matete wala majini. Kilikuwa pale pale kwenye tope tupu, mbele ya macho yangu. Nilijaribu kumwambia dada, nikaona aibu. Nikamwambia badala yake maneno ya kikao, kwamba chakula kinaisha, kwamba mume wake mwenyewe angekuwa hai angevuna.

Hakukasirika. Alisema, "Yeye alisubiri kila mwaka, na kila mwaka walikuja. Hata walipobaki wawili. Hata alipobaki mmoja. Nikikata mpunga kabla, nitakuwa nimesema haji tena. Lisemeni nyinyi hilo. Mimi siliwezi, mdogo wangu."

Nikavuta kamba ya nchi kavu, ingawa upande huo hapakuwa na ndege.

Alasiri ikafika. Dada akashuka, akatia udhu, akatandika mkeka nyuma ya dungu. Nikabaki peke yangu.

Ndipo lilipokuja kundi kubwa. Lilitokea juu ya bwawa kama moshi wa kuchoma shamba, likajikunja, likashuka kwenye mpunga wa dada, na sauti ya kula ikaanza. Ni sauti ndogo, kama mvua kwenye makuti. Nilikuwa nautazama mwaka mzima wa dada yangu unaliwa.

Nikafungua kamba ya upande wa bwawa, nikaivuta kwa nguvu zangu zote.

Makopo yalilia bonde zima. Kweleakwelea wakainuka. Na pale kwenye tope tupu nilipokuwa nimekodolea macho tangu asubuhi, kipande cha tope kikasimama, kikafungua mabawa, kikawa cheupe.

Cheupe kabisa, kama sanda.

Alikuwepo. Akiwa amesimama ni rangi ya tope na majani makavu, huwezi kumtenga na ardhi. Weupe wake wote anauficha chini ya mabawa mpaka anaporuka. Hilo nililijua tangu utotoni. Nilijua, na bado nililisahau. Sijui alikuwa pale tangu juzi au tangu wiki iliyopita. Sisi tulikuwa tunamsubiri, naye alikuwa anatutazama tukisubiri.

Hakutoa sauti. Alipita juu ya matete, akaingia kwenye ukungu uliokuwa unarudi kutoka mtoni, nami sikumwona tena.

Dada alimaliza swala yake. Alitoa salamu kulia na kushoto, akakunja mkeka, akaja hadi chini ya dungu.

"Umeona nini?"

"Alikuwepo, dada. Pale."

Alilitazama tope kwa muda mrefu. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru sana.

"Basi amefika," alisema. "Desturi inasema afike. Haisemi akae."

Akachukua kisu chake, akajifunga kanga kiunoni, akakata suke la kwanza. Majirani waliosikia makopo walikuja na visu vyao, na leo asubuhi tumemaliza. Mpunga umeliwa sehemu kubwa, lakini kilichobaki kinatosha kumvusha mwaka. Ukoo umenisifu. Wanasema wamejua nilivyo na ulimi.

Ninachoandika hapa sijamwambia mtu. Ndege yule alipopaa, kweleakwelea walishaondoka wote. Hapakuwa na sababu tena. Ningeweza kuiachia kamba, pengine angezunguka na kutua. Lakini makopo yaliendelea kulia mpaka alipopotelea kwenye ukungu, na niliyekuwa navuta ni mimi. Mkono haukusimama. Niliogopa.

Niliogopa ndege asiyefika kimo cha goti langu.

Asubuhi kabla sijaondoka nilikwenda hadi karibu na ukingo. Tope lilikuwa limejaa korongo, au halikuwa na hata mmoja, sikuweza kujua. Nikasimama, nikaogopa kusogeza mguu. Dada aliniita, akisema chai imepoa. Nilirudi kinyumenyume, shati limeloa jasho ilhali ni kipupwe.

Dada atakula mwaka huu. Hilo nalishika kwa mikono miwili.

Lakini mpunga utaiva tena. Na ikiwa yule alikuwa wa mwisho kuijua njia ya kwetu, mwakani nani atakwenda kumwambia Somoe avune? Mimi siwezi tena.