Kihamba cha Vipepeo

S.L.P. 61,
Usa River.
14 Juni 1997

Mpendwa mwanangu Eliya,

Baridi ya Ujerumani haijakumaliza? Na masomo je? Sisi huku wazima, ila mgongo unanisumbua tangu tuanze kufyeka.

Tulichofyeka nitakueleza. Watu wa mradi walipokuja kanisani kuuliza nani atajitolea kupanda miti na vichaka vya asili ili vipepeo warudi, wanawake wenye akili waliinamisha vichwa. Mama yako akanyoosha mkono. Bila malipo, hata kipande cha sabuni. Nawe ukamwandikia kumsifu.

Aling'oa kahawa ya marehemu kaka yangu, baba yako, akapanda majani ambayo hata mbuzi huyapita. Viwavi walipoyatoboa alifurahi kama aliyepata mjukuu. Vipepeo walikuja kweli, sikatai. Lakini kipepeo haliwi.

Desturi unaijua: kihamba, shamba la urithi, kikiachwa kikaota pori hurudi kwa ukoo. Nikawaita wazee wajionee wenyewe. Mama yako akasimama mlangoni akasema, "Shemeji, hili si pori. Nimelipanda kwa mikono yangu, mche mmoja mmoja."

Wazee walicheka mpaka Mzee Elifuraha akapaliwa. Nani amewahi kuona mtu akipalilia magugu? Wakanikabidhi kihamba palepale.

Siku ya kufyeka mama yako alikuwa anaokota viwavi na kuwatia kwenye beseni la kufulia. Nilimwonea huruma kidogo, kisha nikaona anatuchelewesha, nikawaambia vibarua waendelee.

Mwekezaji mmoja amekwisha kupima eneo. Atapanda maua ya kusafirishwa kwa ndege hadi Ulaya, huenda ukayanunua hukohuko. Hizi ni siku za soko huria, mwanangu. Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe.

Mama yako yuko Ngaramtoni kwa dada yake. Haongei sana.

Shangazi yako Paskalina anakusalimu, na binti yangu Irine anakuamkia, shikamoo kaka. Mungu akulinde ugenini na kukurudisha salama, ingawa sijui utafikia wapi.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la sasale. Wazee wetu walituachia hivi: ukishapokea jani hilo umesamehe, hata kama ni damu iliyomwagika, wala huna tena kesi ya kupeleka popote. Najua limekuangukia mkononi kabla hujaanza kusoma. Basi umepokea.

Nikupendaye kama mwanangu wa kumzaa,
Baba yako mdogo,
Ndesanjo