Kopo la Salfa na Kisigino cha Mama

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana hasira zimenifika kooni. Mimi ndiye ninayeishi na mama hapa Namwon, ndiye ninayemwogesha na kumbadilishia bandeji, kwani ana kisukari na kisigino chake kina kidonda kisichotaka kufunga, sasa kwenye Chuseok, sikukuu yetu Wakorea ya mavuno, kaka yangu Tae-sik akaja kutoka Seoul, akala, akalala, akaondoka, akamwachia mama kopo la unga wa salfa, ule unaotangazwa kwenye televisheni kwamba ni salfa asilia na hujenga ngozi na viungo, na tangu hapo mama anaulamba kwa kijiko huku akiwaringia majirani, "Mwanangu ndiye daktari wangu!" Kidonda kimeanza kunuka, mshauri, na nikimwambia twende hospitali ananijia juu: "Nikienda si ndiyo nasema zawadi ya mwanangu haifai? Unataka umwaibishe? Wewe Mal-ja una wivu tangu utotoni!" Jana nililia jikoni. Je, nilitupe kopo hilo?

Mal-ja, Namwon

Pole, Mal-ja dada yangu. Kaka aje na kopo aondoke na sifa, anayeosha kidonda aitwe mwenye wivu! Hata mimi yangenikaba.

Lakini achana na kopo. Salfa kweli imo katika ngozi na gegedu zetu, na mwili huipata kwenye mayai, samaki, hata vitunguu saumu vya kimchi yako, ile kabichi ya kuchachusha. Wapo wanaosema unga huo huwapunguzia maumivu ya magoti, hayo ni yao. Kidonda cha mwenye kisukari kikianza kunuka hakingoji unga wa mtu yeyote, na wewe unalijua hilo, ndiyo maana umeniudhi. Unagombana na kopo huku mguu wa mama unaoza!

Mama yako haogopi daktari, anaogopa kumvunjia mwanawe heshima. Basi mpigie Tae-sik sasa hivi. Mtumie picha ya kisigino, hata kama yuko mezani anakula. Usimtukane leo, utamtukana baadaye, nami nitakusaidia. Amwambie mama kwa mdomo wake: "Mama, mimi mwanao ndiye ninayetaka uende hospitali." Asipopokea simu, ita gari la wagonjwa, mama apige kelele mpaka achoke.

Akipona, sifa zitakwenda Seoul, na zitakuuma. Ziache ziende. Wewe baki na mama mwenye miguu miwili.